UGUMU WA ALUMINI NI KAZI YA MOTO NA MUDA

Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanakamati wa vyama vya msingi, katika semina ya utunzaji wa mitambo na vyombo vya usafiri



Mmezoea kunisikia nikizungumza juu ya vitabu vya hesabu, stakabadhi na hati za malipo. Leo nitazungumza juu ya metali, wala msidhani kwamba nimeiacha kazi yangu. Mali ya chama haiko benki na ghalani tu. Iko pia katika injini ya gari, katika pampu ya umwagiliaji, katika mashine ya kusaga na katika puli inayoizungusha. Na katika vyombo hivyo sehemu nyingi ni za alumini ya kusubu, yaani alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ili ipate umbo.

Neno langu kubwa ni moja. Ugumu wa sehemu hizo hautokani na aina ya metali peke yake. Hutokana pia na namna ilivyopashwa moto, namna ilivyopozwa, na muda iliokaa katika joto. Moto wenye kipimo huipa alumini ugumu. Moto usio na kipimo huunyang'anya ugumu huo. Katika hali zote mbili jicho halioni tofauti. Kwa sababu hiyo chama chaweza kulipa fedha za wanachama kwa kitu ambacho kwa kutazamwa ni kizima, kumbe kimekwisha haribika.

1. ALUMINI TUNAYOIZUNGUMZIA

Alumini tupu ni metali laini. Uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma, na hiyo ndiyo sababu ya kupendwa kwake. Lakini ikiwa peke yake haifai kubeba mzigo mzito. Kwa hiyo viwanda huichanganya na vitu vingine, hasa silikoni, shaba na magnesiamu. Mchanganyiko wa namna hiyo huitwa aloi.

Nitachukua aloi moja iwe mfano wetu, kwa kuwa inatumika sana duniani katika silinda hedi, rimu za magari na maganda ya pampu. Ina silikoni kadiri ya asilimia 7, na magnesiamu isiyofika hata nusu ya asilimia moja. Silikoni huifanya itiririke vizuri katika kalibu na kujaza kila pembe. Magnesiamu, ingawa ni kidogo kama chumvi katika mboga, ndiyo inayouleta ugumu ninaotaka kuueleza. Lakini haiuleti yenyewe. Lazima isaidiwe na moto.

2. HATUA TATU ZA KUIPA UGUMU

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Hedi ya injini ikitoka kwenye kalibu huwa bado haijamaliza safari yake. Hupitishwa katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuipasha joto katika tanuri mpaka kadiri ya nyuzi 540 za sentigredi, na kuiacha humo kwa saa 6 hadi 12. Haiyeyuki, lakini ndani yake magnesiamu pamoja na sehemu ya silikoni husambaa na kuingia katika alumini, kama sukari inavyoingia katika chai ya moto. Chai ya moto hubeba sukari nyingi kuliko ya baridi, na alumini ya moto ni vivyo hivyo.

Hatua ya pili ni kuitumbukiza majini mara moja, bila kuchelewa hata nusu dakika. Aghalabu maji yenyewe huwa ya moto, nyuzi 60 hadi 80, ili chombo kisipindike. Kwa kuwa inapoa ghafla, ile "sukari" haipati nafasi ya kujitenga. Hunaswa ndani ya alumini.

Hapa ndipo mafundi wengi waliolelewa na chuma cha pua wanapokosea. Mhunzi akitia jembe au kisu majini, kinatoka kigumu papo hapo. Alumini haiko hivyo. Ikitoka majini ingali laini. Ugumu wake uko mbele.

Hatua ya tatu ndiyo huitwa kuzeesha metali. Chombo hurudishwa katika joto dogo, nyuzi 155 hadi 170 hivi, na kukaa humo kwa saa 3 hadi 6. Sasa magnesiamu na silikoni zilizonaswa huanza kukusanyika polepole katika punje ndogo mno, ambazo hata hadubini ya kawaida haiwezi kuzionyesha. Metali inapobonyea au kupindika, tabaka zake za ndani huteleza moja juu ya nyingine. Punje hizi husimama njiani na kuzuia mtelezo huo, na kuzuiwa huko ndiko tunakokuita ugumu.

Kwa kipimo cha Brinell, ambacho nitakieleza baadaye, aloi yetu ikitoka kwenye kalibu huwa na ugumu wa kama 55 hadi 60. Baada ya hatua tatu, iliyosubiwa katika kalibu ya chuma hufika 80 hadi 90. Ya kalibu ya mchanga, ambayo hupoa polepole, hubaki chini kidogo ya hapo. Vitu vilivyochanganywa ni vile vile, uzito ni ule ule, rangi ni ile ile. Kilichoongezeka ni joto na saa.

3. MFANO WA NDIZI

Sisi wakulima tunalijua jambo hili kwa ndizi. Ndizi mbichi haifai kuliwa hivyo hivyo. Ukiivumbika huiva, na ikishaiva kuna siku ambayo utamu wake ni kamili. Ukiisahau shimoni hupita siku hiyo, nayo hulainika na kuoza. Ukizidisha joto la shimo huiva upesi zaidi, lakini pia hupita upesi zaidi.

Alumini iliyotumbukizwa majini ni ndizi mbichi. Inayozeeshwa kwa kipimo hufika kilele cha ugumu. Ikiachwa katika joto kupita muda wake, au katika joto kubwa zaidi, punje zile ndogo huungana na kuwa punje kubwa chache zilizo mbalimbali. Tabaka za metali hupata njia ya kupita katikati yake, na ugumu hushuka. Huku ndiko kuzeeka kupita kiasi.

Kuna tofauti moja ambayo ni faraja kwetu. Ndizi iliyooza hairudi kuwa mbichi, lakini alumini iliyozeeka kupita kiasi yaweza kurudishwa tanurini kwa nyuzi 540, ikatumbukizwa majini na kuzeeshwa upya. Hata hivyo kazi hiyo hutaka tanuri lenye kipimo sahihi, na baada yake chombo hupindika na kuhitaji kuchongwa tena. Kwa hedi ya gari moja dogo, gharama yaweza kuikaribia bei ya hedi mpya.

Niongeze kwamba viwanda vingine hupitisha kilele kidogo kwa makusudi, kwa kuzeesha katika joto la nyuzi 200 na zaidi. Hufanya hivyo kwa hedi na pistoni, ambazo zitaishi katika joto maisha yao yote. Wanakubali kupoteza ugumu kidogo mwanzoni ili chombo kisibadilike umbo na kipimo kikiwa kazini.

4. JINSI SIRI HII ILIVYOGUNDULIWA

Elimu hii haikuanzia kwenye alumini ya kusubu. Mwaka 1906, huko Neubabelsberg karibu na Berlin, Mjerumani Alfred Wilm alikuwa akijaribu alumini iliyotiwa shaba na magnesiamu kidogo. Aliipasha joto na kuitia majini kama wahunzi wanavyofanya chuma, naye hakupata ugumu aliotazamia. Inasimuliwa kwamba vipande vilivyobaki vilipimwa tena baada ya mapumziko ya mwisho wa juma, vikaonekana vimekuwa vigumu zaidi bila kuguswa na mtu. Aloi ile ilizeeka yenyewe katika joto la kawaida la chumba. Mwaka 1919 wataalamu wa Marekani, Merica na wenzake, walieleza kwamba sababu ni punje zinazojitenga ndani ya metali. Mwaka 1938 Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walizionyesha dalili za mikusanyiko hiyo kwa miali ya eksirei.

Lakini kazi hutangulia elimu. Ndege ya ndugu wawili wa Wright iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 ilikuwa na injini ambayo ganda lake lilisubiwa kwa alumini yenye shaba kadiri ya asilimia 8. Wataalamu walipolichunguza na kuchapisha matokeo mwaka 1994, walikuta ndani yake zile zile punje za ugumu, ambazo zilijitengeneza ganda lilipokuwa likipoa. Waliolisubu hawakujua, wala hakuna mtu duniani aliyekuwa akijua wakati ule. Sisi tunajua, kwa hiyo hatuna udhuru wa kuachia bahati.

5. MAHALI MOTO UNAPOTUDHURU

Ndugu zangu, sasa tuingie katika vyama vyetu. Ziko njia nne ambazo kwazo ugumu uliolipiwa kiwandani hupotea mikononi mwetu, au hukosekana tangu mwanzo.

Njia ya kwanza ni injini kuchemka. Maji ya injini yenye afya huwa na joto la kama nyuzi 90. Maji yakikauka na dereva akaendelea na safari, joto la hedi hupanda sana. Alumini ya mfano wetu ikifikishwa nyuzi 300 kwa saa moja tu hupoteza sehemu kubwa ya ugumu ule ulioutafuta tanurini kwa saa nyingi. Gari likipoa hedi huonekana kama jana.

Njia ya pili ni kuchomelea. Hedi au ganda la gia boksi likipata ufa, fundi huchomelea kwa moto mkali. Mahali penye moto huyeyuka, na eneo linalopakana napo huzeeka kupita kiasi kwa dakika chache. Ufa umezibwa, lakini kandokando yake pamekuwa laini. Hatari huzidi kwa sababu alumini haitoi onyo. Chuma hugeuka chekundu kabla ya kulainika. Alumini huyeyuka karibu na nyuzi 660, na aloi zake kabla ya hapo, bila kuwa nyekundu mchana kweupe. Fundi anayepima kwa jicho hana cha kuona.

Njia ya tatu ni tiba isiyo sahihi. Wako wanaosikia habari za tanuri na maji, wakafanya hivyo kwa kila alumini. Aloi zenye shaba nyingi hazivumilii nyuzi 540; kwa kawaida hupashwa karibu na nyuzi 500, kwa kuwa ndani yake zimo sehemu zinazoanza kuyeyuka kabla ya nyuzi 550. Zikizidishiwa huharibika kabisa. Na maganda mengi ya injini ndogo za pampu husubiwa kwa kusukumwa katika kalibu kwa nguvu za mashine, na hewa hunaswa ndani yake. Yakipashwa joto kubwa hewa hiyo hutanuka, na uso huvimba malengelenge kama ngozi iliyoungua.

Njia ya nne ni vyombo vya mabaki. Tunao mafundi hodari wanaosubu puli kwa sufuria kuukuu, pistoni na nyaya za umeme. Siwadharau, kazi yao imeziokoa mashine nyingi za kusaga. Lakini katika mchanganyiko huo hakuna ajuaye kiasi cha magnesiamu au shaba, na chuma kikiingia kwa wingi huifanya alumini iwe rahisi kukatika. Puli kama hiyo haikuzeeshwa. Tundu linaloshika shafti hupanuka, puli huanza kuyumba, na mkanda huliwa. Kwa mzigo mdogo inafaa. Kwa mashine inayosaga mchana kutwa, kamati ilinganishe bei yake na ya puli ya chuma, pamoja na mikanda itakayonunuliwa kwa mwaka.

6. HATI ZA MALIPO ZILIVYOSEMA

Nitatoa mfano wa chama kimoja cha wafugaji ambacho sitakitaja jina. Kina gari la kusombea maziwa. Nilipokuwa nikikagua hati za malipo nikaona gasketi ya silinda hedi imenunuliwa mara nne katika miezi tisa, na kila mara imo hati ya ufundi. Katika siku zile nne daftari la mapokezi lilikuwa na mistari mitupu: maziwa hayakufika kiwandani. Akina mama walikuwa wamekamua alfajiri, wakasubiri kando ya barabara, na mengine yakamwagwa.

Wanachama walikuwa wakimshuku dereva kwamba anakula fedha pamoja na muuza vipuri. Mkutano mkuu ulikuwa karibu, na kauli za kumfukuza zilikwisha tolewa. Hata hivyo stakabadhi zilikuwa halali, na gasketi kuukuu zote nne zilikuwa zimetunzwa ghalani.

Tulipouliza historia ya gari tuliambiwa kwamba kabla ya mambo hayo injini ilichemka sana, hedi ikapata ufa, ikachomelewa na kusawazishwa uso wake. Niliishauri kamati iipeleke hedi kwenye chuo cha ufundi chenye chombo cha kupimia ugumu. Katika pembe iliyokuwa mbali na moto kipimo kilikuwa 84. Karibu na mahali palipochomelewa kilikuwa 57.

Fundi wa chuo akatueleza. Hedi hubanwa kwa bolti zenye nguvu nyingi. Pale alumini ilipolainika, bolti huidидimiza kidogo kidogo kila injini inapopata joto. Mbano hulegea, na gasketi huungua tena. Hata zingenunuliwa gasketi kumi, jambo lingekuwa lile lile. Kosa halikuwa la dereva wala la gasketi. Lilikuwa katika metali.

Kamati ilinunua hedi nyingine yenye hati ya kiwanda. Dereva angali kazini.

7. KIPIMO CHA UGUMU

Kipimo nilichokitaja kilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1900 na mhandisi wa Sweden, Johan August Brinell. Kwa alumini, mpira mgumu wenye upana wa milimita 10 hukandamizwa juu ya uso uliosawazishwa kwa uzito wa kilo 500, kisha alama iliyobaki hupimwa upana kwa lenzi. Alama ikiwa pana, metali ni laini. Ikiwa nyembamba, metali ni ngumu.

Ugumu wa 80 huacha alama ya upana wa milimita 2.8 hivi. Ugumu wa 55 huacha alama ya kama milimita 3.4. Tazameni jinsi tofauti ilivyo ndogo: zaidi kidogo ya nusu milimita ndiyo inayotenga hedi ya kuaminiwa na hedi ya kutilia shaka. Jambo hilo haliwezi kuamuliwa kwa kukwaruza msumari au kugonga kwa nyundo na kusikiliza mlio. Kadhalika kipimo kimoja hakitoshi. Kipimwe mahali palipopata moto na mahali ambapo hapakupata, ili tulinganishe. Wala ugumu si yote. Nyufa na kupindika vichunguzwe pia.

8. MAMBO YA KUFANYA

Ndugu Makatibu, nawaomba mrudi vyamani na mambo matano.

(a) Kila injini na pampu iwe na daftari lake. Ikichemka, iandikwe tarehe, muda iliochemka, na hatua iliyochukuliwa. Dereva asiadhibiwe kwa kusema kweli. Anayeficha ndiye anayekitia chama hasara.

(b) Hedi au ganda la alumini lililochemka sana au kuchomelewa lisirudishwe kazini mpaka lipimwe ugumu, na karatasi ya vipimo iambatishwe na hati ya malipo.

(c) Mnaponunua kipuri kikubwa cha alumini, mwombeni muuzaji aandike aina ya aloi na kama kimepitishwa tanurini na kuzeeshwa. Asiyeweza kuandika, kamati ijiulize kwa nini bei yake ni nafuu.

(d) Msimruhusu fundi kupasha moto alumini yoyote "ili iwe ngumu" ikiwa hajui ni aloi gani na hana tanuri lenye kipimajoto.

(e) Kipuri kile kile kikinunuliwa mara ya pili ndani ya miezi sita, katibu asiandike hati ya tatu kabla ya kamati kutafuta chanzo.

Najua vyama vingi viko mbali na chuo au karakana yenye chombo cha kupimia, na nauli ni gharama. Lakini vyama vinne au vitano vya jirani vikishirikiana vinaweza kupeleka vyombo vyao kwa safari moja. Chama Kikuu nacho kingeweza kufikiria kununua chombo kidogo cha mkononi, kikazunguka kwa zamu. Naliacha pendekezo hilo mbele yenu mlijadili.

Ndugu Mwenyekiti, mwanachama anayetoa hisa yake hana njia ya kuona ndani ya hedi ya gari. Ametuamini sisi tuone kwa niaba yake. Tusiponunua kwa macho tu, na tusipotengeneza kwa kubahatisha, tutakuwa tumeilinda imani hiyo.